Taa ya eabegi imewaka baada ya fundi kubadilisha balbu. Nani mkosaji?

*Shangazi wa Gereji anajibu barua zenu*

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Igoma, Mwanza. Mwaka jana nilijikusanya, nikaongeza na mkopo wa kikundi, nikanunua Corolla ya 2003 mkononi mwa mtu. Aliniapia kwamba gari halijawahi kugonga hata kuku. Rangi nzuri, injini imetulia, nikaona riziki imenikuta.

Wiki tatu zilizopita taa za dashibodi zilikuwa zimefifia kiasi kwamba usiku mwendo nakisia tu. Nikampelekea kijana mmoja fundi umeme, Buzuruga. Akaifungua dashibodi, akabadilisha balbu, akairudisha. Mwanga safi. Lakini nilipopiga stata ikawaka taa nyekundu yenye picha ya mtu aliyekaa na puto mbele ya kifua, na mpaka leo haijazimika. Tangu ninunue gari sikuwahi kuiona taa hiyo, hata kwa kufumba na kufumbua. Nilimrudia kijana nikiwa nimefura, nikamwambia ameniharibia gari. Akaapa hajagusa waya wowote wa eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, alichofanya ni kuweka balbu kila alipokuta tundu tupu.

Nikaenda kwa fundi wa pili, mtu mzima, ana gereji yake Nyakato. Huyu aliniambia nisijipe presha. Ataizima kwa sh 50,000, anaipiga jampa, na haitawaka tena. Nilipomuuliza kama eabegi zenyewe zitafanya kazi, alicheka: "Mwalimu, kwani unapanga kugonga?"

Kuna jambo jingine dogo. Mkanda wa abiria wa mbele umekwama tangu ninunue gari. Umetoka nusu, unaning'inia, hauvutiki wala haurudi. Mke wangu huulaza tu begani tukikaribia trafiki, maana kila mwisho wa mwezi tunakwenda Sengerema kwa wazazi, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe safari imekuwa nyepesi. Yeye hukaa mbele na mtoto wetu wa miezi minane mapajani. Fundi viatu mmoja wa Mabatini amesema anaweza kuukata ule mkanda na kuushonea kipande kirefu, sh 15,000. Wangu wa dereva unafanya kazi, ila unarudi kwa uvivu.

Swali langu, Shangazi: nimlipe fundi wa Nyakato azime taa, au nimbane kijana wa Buzuruga atengeneze alichoharibu?

Mwalimu, Igoma

---

Marahaba, Mwalimu.

Usimlipe huyo, na usimbane huyu. Rudi Buzuruga ukamwombe yule kijana radhi, na ukiwa na hela ya soda mwachie. Hakuharibu kitu. Amekufanyia wema ambao hata yeye haujui.

Soma tena maneno yako mwenyewe: tangu ununue gari, taa ile hukuwahi kuiona hata kwa kufumba na kufumbua. Hapo ndipo nilipoweka kikombe cha chai mezani. Kwenye Corolla ya miaka hiyo, kila unapowasha swichi, hata kabla ya kupiga stata, taa ya eabegi lazima iwake yenyewe kwa sekunde kama 6, kisha izimike. Ni kontroboksi ya eabegi, yaani kompyuta yake ndogo, inajikagua na kukuambia iko macho. Ikiwaka isizimike, imekuta hitilafu. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameinyamazisha, au balbu imekufa. Na kijana amekuambia alikuta tundu tupu. Balbu ya taa moja tu, ile ya eabegi, haitoki kwenye tundu lake ikaenda matembezi. Aliyeitoa alikuwa na sababu, na ninaamini sababu hiyo inaning'inia kwenye kiti cha kushoto.

Umeuita mkanda ule jambo dogo. Kwangu ndio barua yote.

Ndani ya lile kopo linaloviringisha mkanda, kwenye nguzo ya mlango, magari mengi ya kizazi hicho yana chaji ndogo ya baruti. Gari likigonga kwa mbele kwa nguvu ya kutosha, kontroboksi iliyoko katikati, chini ya dashibodi karibu na gia, inatuma umeme sehemu mbili kwa mpigo: kwenye eabegi na kwenye makopo ya mikanda. Baruti ya mkanda inalipuka, mkanda unakuvuta na kukubana kwenye kiti kabla mwili haujaanza kwenda mbele. Eabegi ya dereva inajaa kwa takriban sehemu 30 hadi 40 za elfu moja za sekunde. Jicho halijamaliza kupepesa. Kazi hiyo hufanyika mara moja tu. Kopo lililolipuka halijazwi tena, na mkanda wake kwa kawaida hukwama papo hapo ulipofikia. Kama siku ile kiti kilikuwa kitupu, mkanda ungekwama ukiwa umeviringika ndani. Wako umekwama nusu nje. Kwa hiyo, Mwalimu, kama dhana yangu ni sahihi, siku gari lilipogonga kulikuwa na mtu kwenye kiti anachokalia mkeo, na alikuwa amefunga mkanda.

Nimesema kama. Mimi sijaliona gari, na mkanda hukwama kwa sababu nyingine pia. Kwa hiyo kabla hujamshika mtu shati, fanya hivi Jumamosi asubuhi. Mwanza yetu ni ya mawe na miinuko, na kopo la mkanda lina kifaa cha kukaza gari likiinama sana au likishtuka. Liegeshe mahali tambarare kweli, si pale mlangoni kama nyumba yako iko kilimani. Tazama mkanda usiwe umejipinda kwenye kile kipete cha juu. Ulegeze kidogo kwa kuusukuma ndani, kisha uvute polepole kama unavuta uzi wa sindano, maana ukiuvuta kwa pupa hata mzima hukaza. Ukilegea, mshukuru Mungu, kopo lako huenda lilishikwa na uchafu tu. Ukigoma kabisa, endelea.

Sasa nenda kwenye mkanda wako wa dereva. Uvute wote nje, halafu tafuta lebo ndogo iliyoshonewa, kwa kawaida karibu na mwisho wa chini, unapofungwa kwenye bodi. Huandikwa tarehe ya kutengenezwa. Linganisha na lebo ya mkanda wa abiria. Nina hamu kubwa na lebo hiyo, kwa sababu eabegi za mbele zikifumuka, mikanda yote miwili ya mbele kwa kawaida hulipuka pamoja. Wa kwako unavutika. Basi ama sikusoma vizuri kisa chako, ama wako ulibadilishwa na wa abiria ukaachwa. Nimeona gari za namna hiyo si moja. Aliyelitengeneza alijijali yeye anayeshika usukani, akaona abiria atajijua.

Ukiwa hapo hapo, kagua kifuniko cha katikati ya usukani na kile cha dashibodi mbele ya abiria, palipoandikwa SRS AIRBAG. Rangi ifanane na plastiki inayozunguka. Pitisha kidole ukingoni: kama kuna gundi, mstari wa kukatwa, au sehemu imepigwa pasi ikang'aa, nyuma yake kunaweza kuwa na nafasi tupu. Wapo wanaojaza sponji. Usifungue chochote wewe mwenyewe, tazama tu.

Baada ya hapo ndipo mashine ya kusoma hitilafu. Hapa watu wengi wa Mwanza wanatupa hela. Kile kidude kidogo kinachounganishwa na simu kwa bluetooth mara nyingi husoma injini peke yake, yaani kodi (zile namba za hitilafu) zinazoanza na herufi P. Kodi za eabegi huanza na B, na mashine lazima iweze kuingia kwenye mfumo wenyewe wa SRS, yaani wa eabegi na mikanda. Muulize fundi swali hilo kwanza: "Mashine yako inaingia SRS?" Akijibu kwa kuzunguka, ondoka. Akikubali, mkubaliane bei ya kupima tu, na umwambie asifute kitu mpaka kila kodi imeandikwa au umeipiga picha. Kuna mafundi wana mkono mwepesi wa kubonyeza kufuta. Kodi ikifutwa ushahidi umekwenda, na kesho taa inarudi mnaanza upya.

Kodi haikuambii ununue nini. Inakuambia njia ipi ya umeme ina shida. Ikisema njia ya eabegi ya dereva imekatika, huenda eabegi haipo, lakini huenda pia ni ule utepe wa waya uliojiviringisha chini ya usukani, unaopeleka umeme kwenye eabegi huku usukani ukizunguka. Utepe huo ukikatika, mara nyingi na honi hufa, au hulia unapokata kona upande mmoja tu. Honi yako hukuilalamikia, kwa hiyo siuwekei dau. Ikisema njia ya mkanda wa abiria, tumefika. Na ikisema kontroboksi ina rekodi ya ajali, hiyo haifutwi kwa mashine ya kawaida; boksi hubadilishwa. Wapo wanaolifungua na kulifuta kumbukumbu. Kwa jambo linalobeba roho ya mtu, nisingelifanyia gari langu.

Kuna ajali nyingine ya kijinga nataka uiepuke, maana niliishuhudia. Kijana gereji aliona waya wa njano chini ya usukani, akachukua taa yake ya kupimia ile ya msumari, akachoma. Betri ilikuwa bado imeunganishwa. Eabegi ilifumuka, ikamvunja kidole gumba, na kwa siku mbili sikio moja halikusikia. Waya na koneta za njano kwenye gari ni za mfumo huu, na njano ile ni onyo. Hazipimwi kwa taa ya kupimia, na hata mita ya ohmu haiwekwi kwenye eabegi yenyewe, kwa sababu umeme mdogo wa mita unaweza kutosha kuwasha kiberiti chake. Fundi anayejua huondoa kwanza waya wa hasi wa betri, kisha anasubiri. Kitabu cha Toyota kinasema si chini ya sekunde 90. Kampuni nyingine hutaka dakika 3. Kontroboksi hutunza akiba ya umeme ili eabegi ifumuke hata kama betri imeng'oka kwenye ajali. Halafu badala ya kupima eabegi, anaichomoa na kuweka rizista, kidude kidogo cha kuzuia umeme, ya ohmu 2 hivi mahali pake. Kodi ikitoweka, eabegi ndiyo mbovu. Ikibaki, tatizo liko kwenye waya au boksi. Akiibeba eabegi, uso wake wa plastiki unatazama juu na mbali na tumbo lake. Mtazame anavyofanya hayo mawili, kusubiri na kubeba. Utajua kama umempeleka mgonjwa kwa daktari.

Na ndiyo maana nimechukia ile "jampa" ya sh 50,000. Mara nyingi ni rizista hiyo hiyo ya kupimia, ila inaachwa humo moja kwa moja. Boksi linadhani eabegi ipo, taa inawaka sekunde 6 na kuzimika kwa adabu, na anayelinunua gari baada yako anapigwa vizuri kuliko ulivyopigwa wewe. Wewe angalau ulinyimwa balbu. Huo ni uongo wa mtu mvivu.

Fundi viatu namheshimu, viatu vyangu anashona yeye. Mkanda asiuguse. Utepe ule umefumwa kuhimili zaidi ya tani 1, na mshono wa kiwandani una mchoro wake maalumu. Kiungo cha uzi wa viatu kitaachia pale pale unapokihitaji. Gari likigonga kitu kigumu kwa kilomita 50 kwa saa, ni sawa na kudondoka kutoka mita 10 hivi, ghorofa ya tatu. Hebu fikiri kama ungeshuka kutoka hapo ukining'inia kwenye uzi wa sh 15,000.

Kwa hiyo nunua mkanda mzima pamoja na kopo lake. Wa kuchomolewa kwenye gari jingine unafaa kama namba ya kipuri inafanana, upande ni wa kushoto, koneta ya njano ni ile ile, na haukulipuka. Uvute wote, utazame usiwe umechanika pembeni, ushtue kwa ghafla uone kama unakaza. Wako wa dereva unaorudi kwa uvivu labda ni jasho na vumbi tu: uvute hadi mwisho, ubane na kibanio cha nguo usirudi, ufute kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, na kile kipete cha juu ukisugue kwa kitambaa. Usitie jiki wala petroli, zinakula nyuzi. Uache ukauke kivulini kabla ya kuuachia.

Kwa eabegi za mtumba nina wasiwasi zaidi, na hili linahusu hata ile iliyo kwenye gari lako sasa kama bado ipo. Mwaka 2013 Toyota, Honda, Nissan na Mazda ziliita magari zaidi ya milioni 3 yarudishwe kurekebishwa kwa sababu ya eabegi za abiria zilizotengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Takata, na Corolla za miaka hiyo zimo. Baadaye wito huo ukawa mkubwa kuliko wowote katika historia ya magari, na Takata ikaomba kufilisika mwaka 2017. Kasoro iko kwenye baruti ya aina ya ammoniamu naitreti: ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika, na siku ya kufumuka inaungua kwa kasi mno, kopo la chuma linapasuka na vipande vinamrukia aliyekaa mbele. Joto na unyevu, Mwalimu, kando ya ziwa letu. Chukua namba ya chesisi kwenye kile kibati ndani ya boneti. Gari lako likiwa limetoka Japani, namba itakuwa fupi, herufi na tarakimu kisha kistari na tarakimu nyingine, tofauti na zile za tarakimu 17. Iingize kwenye ukurasa wa Toyota ya Japani wa kukagua magari yaliyoitwa; ni wa Kijapani lakini simu yako itakutafsiria. Likiwa limeitwa na halikurekebishwa, nenda na jibu hilo kwa wakala. Na usinunue eabegi yoyote ya mtumba ambayo muuzaji hawezi kukuonyesha namba ya gari ilikotoka.

Najua mshahara wa mwalimu. Haya yote hayatalipika kwa mwezi mmoja, nami sitajifanya yanalipika. Utaratibu wangu ni huu: mkanda wa abiria kwanza, eabegi baadaye. Mkanda bila eabegi umeokoa watu tangu Nils Bohlin wa Volvo alipouleta ule wa sehemu tatu mwaka 1959, wakati magari hayakuwa na eabegi hata moja. Eabegi bila mkanda ni hatari, kwa sababu mwili unakuwa umeshatupwa mbele na unaikuta ikiwa bado inafumuka. Taa iache iwake mpaka mfumo utengenezwe. Itakuudhi, izoee.

Lakini kuna kitu kimoja kinachotangulia hata mkanda, na hakingoji mshahara. Mtoto hakai mbele tena. Si mapajani, si mgongoni, si kwa safari ya kwenda sokoni tu. Kama eabegi ya abiria ni nzima, inafumuka moja kwa moja kwenye mwili wa mtoto. Kama haipo, kuna dashibodi, na nyuma yake uzito wa mama asiyefungwa. Mama mtu ahamie kiti cha nyuma leo, afunge mkanda wake peke yake, asiuzungushe kwa mtoto pamoja naye. Fedha ya kwanza utakayopata, ile sh 50,000 ya jampa na sh 15,000 ya fundi viatu zikiwemo, ianze kutafuta kiti cha mtoto kinachotazama nyuma, kifungwe kiti cha nyuma. Cha mtumba kinafaa kama hakijapasuka, hakijapitia ajali na mikanda yake haijakatwa.

Aliyekuuzia gari, ukishapata karatasi ya kodi na picha za lebo, mkalishe chini mbele ya shahidi aliyekuwepo siku mnaandikiana. Bila hizo karatasi atakuapia tena kuhusu kuku.

Niandikie mwaka uliokuta kwenye lebo ya mkanda wako wa dereva. Nikikosea nitakubali hapa hapa.

Shangazi